Bwana Skrini

Ofisini kwetu tunachora ramani za majengo, na mchoraji mkongwe kuliko wote tulimwita Bwana Skrini. Jina hilo hakulipata bure. Laptopu yake ilianza na kipanya tu, kama za wenzake. Baadaye akaleta kibodi ya pembeni, ambayo herufi zake binti yake alikuwa amezikoleza kwa rangi nyeupe ya kucha. Kisha ikaja skrini ya mezani, ikafuata kubwa zaidi, na mwisho akaja amekumbatia televisheni ya sebuleni kwake. Waya zikatapakaa hadi chini ya kiti changu, nikawa kila nikinyanyuka najikwaa.

"Kaka, wiki ijayo unatuletea friji?" nikamuuliza.

"Friji haina tundu la waya wa picha, dada. Ingekuwa nalo ningeibeba," akajibu, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mimi hasira zangu ziko karibu, na zile waya zilinichosha. Siku moja nikainama nizifunge pamoja, nikamwomba anipe ule mweusi. Akanipa mweupe. Nikadhani ni utani wake. Nikainua macho, nikamkuta anatazama pembeni kidogo ya kichwa changu, pale ambapo sikuwapo.

Wakati wa chai akaniambia kwa sauti ya chini. Ni presha ya macho, na daktari alishamwambia kilichopotea hakirudi. Mwanga bado aliuona, na vitu vikubwa vikubwa, lakini mistari ilikuwa inamponyoka.

"Mwambie bosi," nikasema. "Mficha maradhi..."

"Kifo humuumbua, najua. Ila macho hayaui, dada." Hakucheka. "Binti yangu anamaliza chuo mwaka huu, na mama yake hayupo. Akimaliza, nitakwenda kusema mwenyewe. Nisitiri mpaka hapo."

Nilimkasirikia, tena sana, kwa kunitwika siri isiyo yangu. Lakini nikamsitiri. Kila kulipokuwa na kikao nilitangulia chumba cha mikutano, nikamchomekea waya, nikahakikisha ramani imetokea kwenye skrini ya ukutani, ndipo yeye aje kueleza. Kueleza alijua. Ramani yote ilikuwa kichwani mwake.

Siku walipokuja wateja wa zahanati, bosi akanituma nikawapokee getini, kwa sababu lifti ilikuwa imekufa na mmoja wao alitembea kwa magongo. Tukapanda ngazi polepole, huku nikiwaza ni nani atamchomekea waya. Tulipoingia, Bwana Skrini alikuwa ameshachomeka mwenyewe, kwa kupapasa. Skrini ile ina matundu mawili. Yeye aliingiza waya kwenye la pili, na yenyewe ilikuwa inasubiri picha kutoka la kwanza. Ilikuwa bluu tupu, na maneno madogo katikati yakisema hakuna picha. Yeye aliona mwanga, akaridhika.

Nilikuwa bado namvutia kiti yule mwenye magongo, Bwana Skrini alipoanza kueleza.

"Karibuni sana. Hapa ndipo mlango mkubwa," akasema, akaweka kidole kwenye bluu. "Mgonjwa akiingia, mapokezi haya hapa, mkono wa kulia. Dirisha la wodi nimeliweka upande huu, jua la mchana lisimsumbue aliyelala."

Kidole kikatembea taratibu, kikakata kona, kikapita kwenye vyumba ambavyo hakuna aliyeviona. Nilitaka kulia. Wateja wakatazamana. Bosi alikuwa ameinamia meza.

"Mpaka hapo mnaona?" akauliza, akitabasamu.

Tabasamu likabaki pale muda mrefu kuliko ilivyostahili, kisha likaondoka. Akageuza uso upande alikosikia sauti yangu mara ya mwisho.

"Dada, haijatokea?"

"Haijatokea, kaka."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mwanzo."

Akashusha mkono. "Samahanini," akawaambia wateja, akaanza kuutafuta waya ili auchomoe.