Hodi Tatu za Mwaija

Mwaija binti Maulidi wa Zinga hakuwa muuguzi, wala hakuwahi kuvaa fulana ya shirika lolote. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye shamba la mihogo na mdomo usiokawia kujibu. Mumewe alipougua, watu walikuja siku tatu za mwanzo, wakaleta machungwa, wakatoweka. Mgonjwa alilala kitandani miaka miwili. Siku ya maziko wakajaa mpaka barabarani. Mwaija aliwasikia wakila ubwabwa uani, akasema moyoni kwamba watu wa pwani tunajua sana kuzika, kuuguza hatujui. Alisema kweli, na sisi tuliokula ubwabwa ule hatuna cha kujitetea.

Eda ilipokwisha, akaanza kuwazungukia wagonjwa. Hakutumwa na mtu. Kwa Bi Shufaa, kikongwe kipofu aliyesahauliwa na wanawe, alikwenda kufua na kuchota maji, na shukrani yake ilikuwa matusi ya kila siku. Kwa Maalimu Mwinyimvua alipeleka uji.

Maalimu huyu ndiye aliyewasomesha Kurani nusu ya watu wazima wa Zinga, Mwaija akiwamo. Sasa kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wa kulia na kuutia uzito ulimi uliokuwa ukitetemesha madrasa nzima. Hujafa hujaumbika. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na binti yake Samia aliolewa Dar es Salaam, akija mara moja kwa mwezi. Hamidu, mwadhini wa msikiti, alikuwa akija kumwogesha kila baada ya siku moja. Yaliyobaki yalikuwa ya Mwaija: uji wa ulezi kijiko kwa kijiko, mashuka ya kufua, na habari za mtaa, ambazo Maalimu alizipenda kuliko uji wenyewe.

Kila asubuhi Mwaija alisimama mlangoni akabisha hodi. Ndani ikatoka "karibu" iliyopinda, naye ndipo akasukuma mlango. Mlango haukuwa na komeo, hata kuku angeweza kuufungua. Lakini alifundishwa na mwenye nyumba mwenyewe, akiwa na miaka saba, fimbo ikiwa juu ya kichwa chake: hodi ya kwanza wakusikie, ya pili wajisitiri, ya tatu waamue. Ukinyamaziwa, rudi zako wala usinung'unike. Watoto waliosahau walichapwa. Mwaija alichapwa mara moja tu, ikamtosha.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa masika akabisha hodi, kimya. Akabisha ya pili. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Akabisha ya tatu, akatega sikio, hakusikia kitu. Akakumbuka kwamba Samia alisema juma lile angekuja kumchukua baba yake ampeleke kliniki mjini. Kumbe wameshaondoka, akajisemea. Akageuka na chupa yake ya uji. Alisema jioni atampigia Samia simu, jioni ikafika, akasahau.

Kesho yake Hamidu alikwenda kumwogesha mgonjwa, akamkuta sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Alianguka alfajiri ya jana yake akijaribu kufikia birika la maji. Alilala pale mchana kutwa na usiku kucha, amelowa, baridi ya saruji ikimwingia kifuani. Samia hakuwa amekuja. Gari la mumewe liliharibika.

Hospitali walimweka siku nne, kisha wakamwambia Samia amrudishe baba yake nyumbani. Kila mtu alielewa maana yake.

Mwaija alikwenda siku ile ile kuomba radhi. Mtu akifa na kinyongo nawe, utaipata wapi radhi yake? Jambo hilo lilimkosesha chakula na usingizi. Samia alimpokea mlangoni na macho mekundu.

"Dada Mwaija, ulifika kweli siku ile?"

"Nilifika."

"Ukafanya nini?"

"Nikabisha hodi mara tatu, nikarudi."

 Samia hakumtukana, na laiti angemtukana. Alisogea pembeni akampisha.

"Shikamoo, Maalimu," Mwaija akasema.

Maalimu alimwona, akageuza uso ukutani. Hakuitikia marahaba. Mwaija alikaa mkekani mpaka adhuhuri, akaondoka. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa. Alimfulia mashuka, akampikia Samia, akamkanda mzee miguu, na uso ule ukabaki ukutani. Siku ya tano pumzi za Maalimu zilianza kukoroma, na Hamidu akaanza kumsomea Yasini. Mwaija alisikia kila aya kama mlango unaofungwa.

Siku ya sita, Samia alipotoka kuteka maji, Mwaija alipiga magoti kando ya kitanda.

"Maalimu, nimekukosea. Nipe radhi yako. Hata kwa kichwa tu, niitikie."

Mzee akageuka polepole. Machozi yalikuwa yamemjaa katika jicho lile zima.

"Nilikuitikia," alisema. Maneno yalimtoka vipandevipande, na Mwaija aliinama mpaka sikio lake likakaribia midomo yake. "Zote tatu. Karibu. Karibu. Karibu. Sauti... haikutoka."

Mwaija alilia kwa sauti. Mkono wa kushoto wa Maalimu ulipapasa shuka mpaka ukampata kichwani, pale pale fimbo ilipokuwa juu yake alipokuwa mtoto wa madrasa.

"Radhi unayo. Sikukukasirikia. Naona haya. Mimi ndiye niliyekufundisha kurudi." Akapumzika, akavuta pumzi. "Na wewe... nipe yangu."

"Nimekupa, Maalimu. Wallahi nimekupa."

"Kwa wagonjwa," akasema, "ingia."

Alifariki Alhamisi kabla ya magharibi. Watu walijaa mpaka barabarani, na Mwaija hakuwa na nguvu ya kumsema mtu. Alikaa ndani na Samia, mkono kwa mkono, wakimsikiliza Hamidu akiomba dua.

Siku ya pili ya matanga alikwenda kwa Bi Shufaa na ndoo ya maji kichwani. Alitamka hodi moja, na papo hapo akausukuma mlango. Bi kizee alikuwa kitandani, kanga imemtoka begani, akashtuka na kujifunika.

"Nani huyo asiye na adabu? Mwalimu wako hakukufunza?"

"Amenifunza, Bibi," Mwaija akasema, akatua ndoo, akaenda kumwinua.