Hatua Mbili Mbele ya Mlango Wangu

Simwamini mtu anayepima ardhi kwa miguu. Nasema hivyo mapema usije ukadhani nilianza vibaya na Guelord kwa roho mbaya tu. Mwaka sisi wakimbizi tuliporudishwa kambini Dzaleka, hapa Malawi, kutoka Lilongwe, mimi na cherehani niliyokuwa nikishonea kule mtaani Mtandire, nilikuta jirani wa kushoto amejenga jiko juu ya ua wangu. Alinipokea kwa tabasamu, na maharage akanipa. Kikabaki kiwanja kimoja mbele ya mlango, hatua nane kwa tano. Si changu kwa karatasi, wala si cha mtu, lakini ndipo ninapopitia. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Basi asubuhi moja nafungua mlango, namkuta Guelord anatembea pale, anahesabu. Ni fundi wa baiskeli za kabaza, zile za kubeba abiria, mtoto wa Uvira kule Kongo. Alifika Dzaleka na mama yake akiwa na miaka kumi na minne. Mama alifia hapa hapa, naye akabaki peke yake na spana zake. Watu walisema anacheza dansi kanisani. Mimi nilichokiona siku hiyo ni kopo la majivu mkononi. Alimwaga mstari kutoka ukingo wa mfereji wangu wa maji machafu mpaka karibu na kizingiti. Hapa kwetu majivu hutangulia matofali.

"We unapimaka kiwanja ya nani?" nikamuuliza.

"Jambo, mama Maombi. Siko napima kiwanja. Niko napima danse."

"Danse inapimwaka?"

"Njo inaanziaka pale, mama. Mutu hawezi kucheza muzuri kama hajue mupaka yake."

Mpaka! Neno hilo ndilo lililonimaliza. Nikachukua ndoo, nikayaosha majivu yote mbele ya macho yake. Kesho yake akayamwaga upya, ila safari hii aliacha hatua mbili mbele ya mlango wangu. Nikasema moyoni, hawa ndivyo walivyo: leo anakuachia mbili, kesho anachukua zote nane.

Wakaanza kuja kila asubuhi, yeye na vijana wanne, kabla ya kila mmoja kwenda kwenye shughuli zake. Mkubwa wao alikuwa Akeza, msichana mrefu anayeuza nyanya sokoni. Mimi nilisimama mlangoni, mikono nimeikunja kifuani, nisiondoke mpaka waondoke. Nguo za watu zililala juu ya cherehani bila kushonwa. Sikujali. Ardhi hailindwi na mtu aliyekaa ndani.

Siwezi kusema sikuona kitu. Niliona Akeza akisimama katikati, kiwanja kizima kikawa chake. Niliona akirudi kwenye kona hatua nne tu, nikamwonea huruma kama mtu anayesafiri mbali. Wawili wakikaribiana mpaka mabega yagusane, unahisi watapigana. Wakiachana hatua moja, unahisi wanakumbukana. "Katikati batu bote banakuonaka," Guelord aliwaambia. "Kona inakufichaka. Usiende kona kama hauna kitu ya kuficha." Nikasikia hivyo, nikazidi kukikodolea macho kile kiwanja. Kumbe wana cha kuficha.

Halafu ikaja karatasi. Ilimdondoka Guelord alipoinama kufunga kiatu, nikaiwahi kwa mguu. Walipoondoka nikaifungua. Mstatili. Mfereji wangu. Mlango wangu. Mishale inakwenda na kurudi. Na pale kwenye kizingiti, duara, na ndani ya duara jina langu. Nilijua kwamba kila Ijumaa Guelord huenda Lilongwe, na hakuna aliyewahi kuniambia anafuata nini. Sasa nikaelewa: huko kuna mnunuzi.

Ijumaa nikamfuata. Alipanda minibasi ya kwanza pamoja na vijana wake, nami nikapanda ya pili. Nilishuka nilipowaona wakishuka, nikawaandama kwa mbali, kitenge nimejifunika kichwani, mpaka ukumbi mmoja karibu na Mtandire. Nikaingia nyuma yao, nikakaa benchi la mwisho gizani. Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Nilitaka kumwonyesha mnunuzi uso wangu.

Hakukuwa na mnunuzi. Kulikuwa na jukwaa kubwa, na Ernestine, mama aliyetoka Fizi, Kongo pia, anayetunza ukumbi ule. Guelord alichora chaki sakafuni, hatua nane kwa tano, jukwaa lote lililobaki akaliacha tupu. Pembeni, pale kwenye karatasi palipokuwa na duara la jina langu, akaweka kiti kitupu. Wakaanza. Waliruka mfereji usiokuwepo, nami nikaujua ni wangu. Walipita, wakapishana, wakapanda, wakachuchumaa, na katika kuzunguka kote huko hakuna hata mmoja aliyekigeuzia mgongo kile kiti. Akeza alikwenda kinyumenyume kuvuka kiwanja kizima, akajigonga kwa mwenzake, macho yakiwa kwenye kiti.

Ernestine akauliza, "Kile kiti njo nani?"

"Mama moya wa kwetu," Guelord akajibu. "Anatuangaliaka kila asubui. Hatuwezi kumupatia mugongo."

"Juu ya nini? Ni muchawi?"

"Hapana. Tunamuogopaka tu."

Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Hawa hawakunipa kisogo hata mara moja, na wala sikuwa mwenzao. Nilitoka ukumbini kabla hawajamaliza. Njia nzima ya kurudi niliona aibu, na hasira pia, maana aibu yangu haijui kuja peke yake.

Jumatatu nikaamka mapema. Nikachukua majivu ya jiko langu mwenyewe, nikafuta mstari wao wa zamani, nikachora mwingine ukigusa kizingiti. Hatua mbili zile nikawapa. Kisha nikaweka ile karatasi juu ya jiwe, nikaingia ndani, nikageuza cherehani ikatazama ukuta, nikakaa kushona, mlango wazi, mgongo wangu nje kwao. Tangu nirudi kambini sijawahi kukaa hivyo.

Walikuja. Nikasikia karatasi inaokotwa.

"Mama Maombi," Guelord akaita kwa sauti ya chini, "iko shida gani?"

"Hakuna shida. Muchezeni."

Wakacheza. Nilisikia miguu ikija mbio kuelekea mlangoni, ikija, ikija, na kila ilipofika pale ulipokuwa mstari wa zamani, ikasimama. Asubuhi nzima nilishona nikiwasikiliza. Hakuna aliyekanyaga hatua zangu mbili.