Siku Atieno Alipoinama

Mimi shule niliiachia darasa la nne, na leo nina magorofa mawili mtaani Huruma, waulize watu. Nilikuwa sijawahi kumwinamia mtu. Lakini majuzi binti yangu alimwinamia mpinzani wake wa judo, na papo hapo nikanusa tena maranda ya mbao yaliyotandazwa chini ya turubai, katika ule ukumbi wa mtaa wetu nilipokuwa mtoto.

Vijana wa nchi nyingine walikuwa wamekuja kushindana. Dada yangu Atieno, ndani ya nguo alizoshona mama kwa mifuko ya unga wa ngano, alipangiwa msichana wa Zambia, mpana kama mlango. Akishindwa, ametoka. Kabla ya kushikana, akainama.

Nikajua ameogopa. Kwetu, aliyeinama alikuwa anaomba msamaha.

“Dada, usimwombe! Mpige!”

“Nyamaza, wewe!” Mama akanifinya.

Yule msichana akambwaga, akamlalia kifuani, sekunde za kumtoa zikaanza kuhesabiwa. Sijui Atieno alipitia wapi. Aliteleza kama sabuni, wakasimama, akamwingizia nyonga akamtupa, na turubai likalia puu! Vumbi la mbao likatujaa puani. Alikuwa ameshinda.

Kisha akamwinua mwenzake, akamwinamia tena, chini kuliko mara ya kwanza. Nikachanganyikiwa kabisa: mshindi anaomba msamaha wa nini?

Basi majuzi, binti yangu alipoinama, nilimgeukia Atieno aliyekaa kando yangu, nami nikainama, na kitambi changu chote.

Akacheka. “Polepole, tajiri. Mshipi utakatika.”