Upepo Alioutoa Protas Saa Saba Mchana

Saa kumi na mbili na robo asubuhi honi inalia nje ya duka la matairi katika mtaa wa nyuma wa Al Mankhool, Dubai, na kabla haijanyamaza Protas Chilumba ameshafika mlangoni. Wateja wengi hapa hawashuki garini. Wanasimama, wanapiga honi, wanasubiri fundi awafuate dirishani. Protas, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, hufuata honi hizo mara hamsini kwa siku, na hata zikikosekana hakai. Kiti alichonunuliwa miaka miwili iliyopita bado kina nailoni yake ya dukani.

Asubuhi hii ni teksi yenye pancha gurudumu la nyuma. Anaweka jeki, anafungua nati, analiviringisha tairi hadi kwenye beseni la maji na kulizungusha polepole mpaka mapovu yatokee. Anachomoa msumari, anasokomeza utepe wa mpira uliopakwa gundi, anakata uliobaki. Dakika kumi na mbili, dirham kumi. Dereva ameshawasha gari, lakini fundi amesimama mbele yake.

"Zunguka mtaa mara moja, urudi nikuone," anamwambia.

Dereva analalamika kwamba ana abiria anayemsubiri. Rafiq, Mpakistani anayesimamia duka, anapaza sauti kutoka ndani kuwa khalas, basi imetosha, amwache mtu aende. Protas haondoki njiani. Teksi inazunguka, inarudi, inapimwa upya, ndipo inaachiwa. Anayemwona kwa mara ya kwanza atadhani huyu ni fundi wa kujionyesha. Mimi nilidhani hivyo, na nilikosea. Protas ni mtu mwenye hofu.

Alizaliwa Masasi, kusini mwa Tanzania, na kuziba pancha alijifunzia kule kule, kwenye matairi yenye mpira wa ndani, kiraka na gundi ya kopo. Alifika Dubai mwishoni mwa 2004. Analipwa dirham 1,200 kwa mwezi, na nusu huenda kwa mkewe na watoto watatu.

"Kazi niliijua," anasema. "Joto ndilo sikulijua."

Masasi walipima upepo asubuhi, magari yakiwa yamelala. Mwezi Julai 2005, saa saba mchana, gari dogo jeupe liliingia dukani likitoka barabarani moja kwa moja. Kibandiko cha mlango wa gari kilisema tairi lijazwe hadi thelathini na mbili. Kipimo kilisoma arobaini. Protas akaona fundi aliyetangulia amejaza kupita kiasi, akatoa upepo kwenye magurudumu yote manne mpaka thelathini na mbili kamili, na mwenye gari akashukuru.

Hakuna aliyemwambia kwamba upepo wa ndani huvimba tairi likipata moto, na kwamba namba ya mlangoni ni ya tairi lililopumzika. Ukitoa upepo tairi likiwa la moto, likipoa linabaki na upungufu. Tairi legevu kwenye mwendo wa kasi hujikunja, hujichemsha lenyewe, na mwisho wake hupasuka.

La Damaris Kemunto, mwenye gari lile jeupe, lilipasuka kesho yake kwenye Barabara ya Al Ain, akielekea Dubai Silicon Oasis alikokuwa karani wa ofisi. Gari liligonga kingo za barabara na mfupa wake wa bega ukavunjika. Damaris, Mkenya kutoka Kisii, aliacha kazi ile na kuchukua nyingine ya mapokezi katika hoteli ya Al Mankhool, anayoifikia kwa miguu na kwa mshahara mdogo zaidi. Mumewe, Tonny, alisema kasi ndiyo iliyomponza, akamwomba asiende tena barabara kuu. Damaris alimwamini. Tangu hapo ameliendesha gari hadi sokoni na kanisani tu.

Protas aliujua ukweli ndani ya wiki hiyo hiyo. Rafiq alimkuta akitoa upepo kwenye gari jingine la moto, akamkemea na kumweleza. Siku mbili baadaye gari jeupe likaletwa kuvalishwa tairi jipya. Protas akalishika lile lililopasuka, akatazama ndani ya ubavu wake, akaona alama ya kuungua imezunguka pande zote.

"Nilijua ni mkono wangu," anasema. "Nikalitupa kwenye rundo."

Alinyamaza miaka mitatu. Kila baada ya wiki mbili Damaris alikuja kupima upepo, wakati mwingine na chapati kwenye foili, na kila mara Protas alipima mara mbili na kukataa malipo. Mwenzake akasema humo ndani mna mapenzi. Ingekuwa heri yangekuwa mapenzi.

Kilichomtoa kwenye kimya ni maneno aliyoyasikia dirishani mwezi Juni mwaka huu. Kampuni ya Silicon Oasis ilikuwa imempigia Damaris ikimtaka arudi, kwa cheo cha juu, ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Alimsimulia fundi huku akicheka kwamba atakataa, kwa sababu barabara ile si ya madereva kama yeye. Protas anasema usiku huo alikunywa maji tu.

Nilipomuuliza siku yake mbaya kuliko zote kazini, aliondoka kufuata honi, akarudi, akaondoka tena. Mara ya tatu akanieleza yote akiwa amesimama, kisha akaniomba nisiandike neno mpaka mwenye gari awe amesikia kutoka kwake.

Alimwambia Alhamisi jioni, gari likiwa bado linanguruma. Anakumbuka kwamba Damaris alizima injini na kuuliza jambo moja.

"Ulijua lini?"

"Wiki ile ile, dada."

"Na mimi umeniacha miaka tatu nikijiona bure."

Akawasha gari akaondoka. Ijumaa hakuonekana, wala Jumamosi. Jumapili Protas alienda mara nne kwenye kona kutazama mtaa, hadi Rafiq akamuuliza kama anasubiri barua. Alikuwa amejiandaa kwa Tonny kuja na hasira, au kwa arbab, tajiri mwenye duka, kupewa habari na yeye kukatiwa tiketi ya kurudi Masasi.

Jumatatu, jua halijapanda, gari jeupe likasimama mbele ya duka bila kupiga honi. Damaris alishusha kioo akasema neno moja: pima. Protas akapima manne, akapima na tairi la akiba. Alipomaliza akaonyeshwa kiti cha abiria.

"Kama umepima vizuri, panda."

Alipanda na ovaroli yake, kipimo mkononi. Damaris anasema aliendesha akiwa amekaza meno mpaka taya zikauma. Protas anasema hakuthubutu kushika popote, asije akaonekana anaogopa. Walipopita mahali tairi lilipopasukia, gari halikupunguza mwendo.

Kwenye maegesho ya Silicon Oasis Damaris alimpigia mumewe, akamsalimia, kisha akampa fundi simu.

"Mwambie Tonny vile umeniambia."

Akamwambia. Anasema Tonny aliomba arudishiwe mke wake kwenye simu, na Damaris akaongea naye kwa Kikisii huku akifuta macho. Baadaye aliingia ofisini kuikubali ile kazi, fundi akarudi kwa basi akiwa amechelewa kwa muda wa saa tatu, na Rafiq akamwambia arbab kwamba alienda kuziba pancha mbali.

Damaris ameanza kazi, na ameruhusu habari hii ichapishwe. Anaendesha Barabara ya Al Ain asubuhi na jioni. Nilipomuuliza kama amemsamehe Protas, alijibu kwamba bado, na kwamba siku akimsamehe atamwambia mwenyewe, si gazeti. Tangu siku ile hajaenda dukani. Kuna fundi mwingine karibu na ofisi yake.

Nilimpelekea Protas jibu hilo. Alisikiliza akiwa ameinama kwenye gurudumu la mtu, akaendelea kukaza nati, moja baada ya nyingine.

"Asirudi kwangu, sawa," akasema. "Mimi nataka aendeshe tu."