Mkwe Asiyekula Kwangu

Kwa miaka tisa mume wa binti yangu hakuwahi kula chakula nyumbani kwangu. Si kwamba hakuja. Alikuja kwenye misiba, alikuja Krismasi, alikuja kunijulia hali nilipovunjika mguu. Kwao ni Nakonde, upande wa Zambia, na kutoka getini kwangu hapa Tunduma mabati ya kule unayaona. Akifika alichuchumaa, akapiga makofi ya polepole kama wanavyosalimia wakwe zao, kisha akakaa mwisho wa kochi. Maji alipokea. Sahani ikija alisema, "Nimeshiba, batata." Batata ni baba, kwa lugha yao.

Mimi ni Mnyiha wa Igamba. Nimekua nikijua kwamba mtu anayekataa chakula chako ana jambo amekuambia. Anakuambia kuna kitu amekiona ndani ya chungu chako. Krismasi moja nilimwita binti yangu pembeni nikamwambia, "Mumeo ananiona mchawi." Aliokota sahani zilizokuwa mezani akaenda nazo jikoni, na mimi nikachukua ukimya wake kuwa ushahidi. Alipojifungua mtoto wa tatu sikwenda kumwona. Mwendo wa nusu saa kwa miguu, na sikwenda.

Basi ikatokea Tanzania na Zambia wakapangwa kucheza. Kwingine nchini huo ulikuwa mpira. Kwetu ulikuwa ni shemeji na shemeji, mteja na muuza duka, na kuna nyumba ambazo mume alilala chumba kingine wiki nzima. Nikaona hii ndiyo nafasi. Mtu anaweza kukataa chakula cha msiba na chakula cha sikukuu, lakini nani anakataa chakula cha mpira, watu wamekaa chini, macho yako kwenye runinga, mikono inajiendea yenyewe? Nikaapa kwamba safari hii atakula.

Nilipanga kwa wiki tatu. Nilichukua daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa, nikachora sebule, nikaonyesha nani atakaa wapi. Mkwe nilimtoa mwisho wa kochi nikamweka katikati, mbele ya meza, mahali ambapo sahani haiwezi kumpita. Kisha nikaandika vyakula. Wali wa mchele wa Kamsamba kwa watu wote. Nguruwe wa kukaanga kwa majirani zangu, maana bila huyo wasingekuja. Halafu ukurasa mzima wa mkwe peke yake. Nilikuwa nimejiambia kwamba labda vyakula vyetu havimpandi, kwa hiyo niliuliza sokoni wanachopenda watu wa kwao. Nikaandika kapenta, dagaa wale wa Ziwa Tanganyika, wakaangwe na nyanya. Majani ya maboga ndani ya karanga. Ugali usiwe mgumu kama wetu, uchotwe mafungu ya mviringo kwa mwiko. Na chikanda, ile mizizi ya porini inayotwangwa na kupikwa na karanga hadi inakatika vipande kama mkate. Huchimbwa huku kwenye milima yetu, sisi tunaitazama tu, wao wanaila. Mwisho nikaandika: jogoo mmoja, mzima, asikatwe, kwenye bakuli lenye mfuniko.

Mke wangu alisimama nyuma yangu akisoma.

"Baba watoto, hiki ni chakula cha mpira au cha mtu?"

"Cha mpira."

"Maana hapa kwenye habari ya mkwe kuna jambo nilitaka..."

"Mama, hili niachie mimi."

Akaniachia. Nimeishi na mwanamke huyu wa Ileje miaka arobaini na kitu, na sentensi hiyo nimemwambia mara nyingi kuliko jina lake.

Siku ya mchezo niliwaambia waje saa nane, nikasisitiza saa nane ya kwetu, kwa sababu saa ya Zambia iko nyuma. Walifika saa nane kamili: binti yangu, watoto wake, mumewe, na mjomba wa mumewe, mzee wa umri wangu aliyevaa koti licha ya jua. Majirani walikuwa wamejaa tayari. Kulikuwa na fundi baiskeli wa mtaani kwetu, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

"Karibuni wageni!" alipaza sauti. "Leo tunawapiga tatu, halafu mpaka tunausogeza hadi Isoka!"

"Sogezeni," mjomba akajibu, anavua kofia. "Mtatukuta tumeshahamia Mbeya."

Watu wakacheka. Nikaona mambo yananyooka. Mkwe akataka kwenda kule kule kwake mwisho wa kochi. Nikamshika mkono nikamkalisha katikati, kama nilivyochora. Aliketi kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha mchungaji.

Chakula kililetwa kabla ya mpira kuanza. Nilisimama mwenyewe kuelekeza, hiki hapa, kile pale. Bakuli la jogoo nililipokea kutoka kwa mke wangu nikaliweka mbele ya mkwe, nikafunua mfuniko. Mvuke ukapanda. Fundi baiskeli akasema angejua angeoa kwangu. Mkwe akapiga makofi yake ya polepole, mara mbili, tatu, akasema asante. Mikono akairudisha magotini.

Mpira ukaanza. Siwezi kusimulia kipindi cha kwanza kwa sababu sikukiona. Nilikuwa naangalia ile mikono. Tulipofunga bao, watu waliruka, soda ikamwagika kwenye zulia, na mikono yake ilipanda kushika kichwa kisha ikarudi magotini. Mjomba wake alikuwa akila vizuri, anachovya, anasifu mboga. Yeye hakugusa hata karanga za kutafuna. Jogoo akapoa, mafuta yakaanza kuganda pembeni.

Mapumziko yalipofika, fundi baiskeli akamgeukia.

"Mkwe, vipi, wewe leo ni mchezaji wa akiba? Mwenzio mjomba anapachika tu, wewe bado uko benchi!"

Sebule ikalipuka kwa kicheko. Mkwe naye alitabasamu, akainamisha kichwa. Hapo miaka tisa ikanishinda. Nilisimama nikaenda kusimama kati yake na runinga.

"Mwanangu," nikasema, "leo uniambie mbele ya watu hawa. Unaogopa nini kwangu? Unadhani nitakuua?"

Kicheko kilikatika. Mtu mmoja akapunguza sauti ya runinga, na nikatamani asingeipunguza. Mkwe wangu aliteleza kutoka kwenye kochi akapiga magoti sakafuni, pale penye soda iliyomwagika. Alipiga makofi, hayatoi sauti. Mwanaume wa miaka arobaini, ana watoto watatu, yuko magotini mbele ya majirani zangu.

Mjomba ndiye aliyesema. Alinawa mikono kwanza, taratibu, akaifuta.

"Ndugu yangu, kijana huyu haogopi. Hajaonyeshwa moto."

"Moto gani?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jua ni nini. "Kwetu mwanamume hali ukweni mpaka wamama wa ukweni wampikie, wabebe vyungu, wamletee nyumbani kwake, wamfunulie kimoja kimoja: hiki utakula kwetu, na hiki utakula kwetu. Siku hiyo ameonyeshwa moto. Kabla ya hapo akila hapa ni mwizi. Hata umpe jogoo mzima."

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza. Na nilikuwa na hasira bado, hilo lazima niliseme. Nilikuwa nimeshaandaa kuwalaumu.

"Tulikuambia," akasema mzee yule. "Tulimtuma mshenga."

Nikamkumbuka. Yote yalinijia kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. Mwanamume mwembamba mwenye mwavuli. Ilikuwa miezi michache baada ya harusi, harusi ambayo sikuitaka kwa kuwa nilitaka binti yangu aolewe Mbozi kwa watu wa kahawa kama sisi. Alisimama kibarazani akasema wakwe zangu wanaulizia lini wamama wa kwetu watapika. Sikumruhusu hata amalize. Nilimwambia, "Mmechukua binti, sasa mnataka na ugali? Waambie wanunue unga." Nikacheka sana. Wiki ile niliwasimulia watu wengi mzaha wangu. Kisha nikausahau kama mtu anavyosahau alichokula.

Miaka tisa. Nilimwita mtu huyu mwenye majivuno. Nilimwita mshirikina. Na muda wote huo alikuwa amefungiwa mlango na mimi mwenyewe, anakuja kukaa nje yake na kunywa maji.

Nilikwenda jikoni kwa sababu sikujua pa kwenda. Mke wangu na binti yangu walikuwa wamesikia kila kitu.

"Ulijua?" nikamuuliza mke wangu.

"Nilikuwepo mlangoni siku ile ya mwavuli. Nilikuambia jioni yake tupike, ukasema jambo hilo lisirudi masikioni mwako. Halikurudi."

Nikamgeukia binti yangu. "Na wewe? Nilipokwambia maneno yale ya uchawi, kwa nini hukunijibu?"

Alikuwa ameshika mwiko, anaugeuza geuza. "Ningesemaje, baba? Kwamba mume wangu anaomba chakula? Jambo hili likiombwa mara mbili linakuwa njaa." Akauweka mwiko chini. "Kila ukituita nilidhani umekumbuka. Hata leo. Mama aliponiambia umeandika chikanda na jogoo mzima, nilimwambia mume wangu, baba amekumbuka. Alipiga pasi shati lile mwenyewe."

Sijui niliketi saa ngapi, ila nilijikuta nimekaa juu ya gunia la mahindi.

"Kwani tukivibeba sasa hivi?" nikasema. "Vyungu hivi hivi. Tuvipeleke."

"Makombo ya mpira?" mke wangu akasema. Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana iliniumiza.

Kwenye runinga ya sebuleni Zambia walisawazisha. Nilisikia sauti ya mjomba peke yake ikishangilia, halafu nayo ikazimika, akikumbuka yuko wapi. Mpira uliisha sare. Majirani waliaga haraka, hata fundi baiskeli alipita bila neno, na nyama nyingi ilibaki kuliko nilivyowahi kuona ikibaki nyumbani kwangu.

Nilimfuata mjomba getini. "Mtumeni tena yule mshenga," nikamwambia. "Safari hii nitamsikiliza."

"Alishafariki."

Nilishika mlango wa geti.

"Na hata angekuwepo," akaendelea, "mtu aliyefukuzwa hatumwi tena. Anafuatwa. Mkewe yupo, nyuma ya soko la kule Nakonde. Ukitaka, anza kwake."

Nilikwenda Jumanne. Sikumchukua mtu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika nilimkuta mama mmoja mzee anachambua maharage kwenye ungo. Nilijitambulisha. Nikafungua mdomo kuomba msamaha, naye akainua mkono.

"Bado," akasema. "Kula kwanza."

Akaingia ndani. Alirudi na mtungi wa kunawia, na mafungu mawili ya ugali, na mboga. Aliweka mbele yangu kwenye kigoda. Kisha akasema, wala hakuwa akinilaumu, ni kama mtu anayetaja hali ya hewa ya siku fulani:

"Mume wangu alirudi na njaa siku ile aliyotoka kwako. Alisema hata maji hakupewa. Nikampikia."

Nilinawa. Nilimega tonge nikalishika, sikuweza kulipeleka mdomoni. Mimi niliyekasirikia miaka tisa ya sahani za mkwe wangu, sikuweza hata moja. Yule mama aliendelea kuchambua maharage, hakuniharakisha.

"Wamama wako waje Jumamosi na vyungu," akasema. "Wapitie hapa kwangu kwanza, nami nitawatangulia kwa mkweo. Na wewe usije. Hii si kazi yako, na usipange kitu."

"Ndiyo, mama."

"Kula basi. Ugali unapoa."

Nikala.