Neno "maalumu" lilivyotaka kuiponza shule ya binti yangu hapa Sydney

Wakuu, salaam kutoka huku ambako Julai ndiyo baridi na Krismasi ndiyo jasho.

Ninayosimulia yamenikuta mimi mwenyewe. Na kwa kuwa mjinga wa kisa hiki pia ni mimi, sina sababu ya kutia chumvi.

Wanaonifahamu humu wanajua tabia yangu. Ni Mtanzania, umri umesogea, nina digrii mbili na makala nyingi ambazo hakuna aliyeniomba niandike. Nimeshawahi kugombana na mtu kwenye jukwaa hili kurasa tatu nzima kwa sababu aliandika "masaa" badala ya "saa".

Mkuki kwa nguruwe, wakuu.

Ninaishi magharibi mwa Sydney, si mbali na Rooty Hill, na mke wangu na binti yetu Neema, ambaye yuko Year 8. Neema ni kama watoto wengi wa huku: ukimwambia jambo kwa Kiswahili analielewa lote, hata lile usilotaka alielewe, halafu anakujibu kwa Kiingereza.

Sasa, kwa wasiojua mambo ya shule za huku.

Shule ya kawaida ya serikali inaweza kuomba itambuliwe kuwa ina nguvu ya pekee kwenye somo fulani. Kuna za michezo, za muziki, za teknolojia. Wanaita specialist. Hesabu na mengine yanaendelea kama kawaida, ila somo hilo moja ndilo linalobeba jina la shule.

Hupewi kwa kutaka tu. Kwa jinsi nilivyoelezwa, unajaza application nene kama biblia: mmefanya nini mpaka sasa, walimu wenu wana sifa gani, mtazisaidiaje shule za jirani, nani nje ya shule anawaunga mkono, na je, familia zenyewe zinalihitaji somo hilo? Kisha wanakuja watu kuangalia kwa macho yao.

Mkipata, ratiba ya somo inapanuka, mnaweza kuajiri mwalimu wake, walimu waliopo wanapelekwa mafunzo, na hata watoto wanaokaa mbali wanaweza kuomba nafasi.

Shule ya Neema ikachagua lugha.

Kivietnamu kilikuwa na uhakika. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa Cabramatta aliyeleta sahihi za wazazi zikiwa zimepangwa kwa alfabeti. Kiarabu nacho kilikuwa na watu wake.

Nafasi ya tatu ndiyo ikasemwa iwe ya Kiswahili, kwa kuwa Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi wa pale shuleni wote wanakutana humo.

Deputy Principal, mama mmoja mrefu anayeitwa Helen, aliniita ofisini akaniambia wazi: "Familia zikithibitisha wanakitumia nyumbani, Swahili goes in. Zisipothibitisha, I have to take it out." Application ilikuwa inafungwa baada ya wiki mbili.

Nilijua maana yake. Kisipoingia, Neema atamaliza shule bila kukisoma Kiswahili popote isipokuwa kwenye kanga za mama yake.

Helen akaniomba nitafsiri barua ya kwenda kwa wazazi pamoja na ile fomu ya lugha ya nyumbani.

Wakuu, sikuwahi kuombwa kitu kinachonifaa kama hicho. Nilikaa nayo kama mtu anayeandika katiba. Nikaisoma kwa sauti. Mke wangu alikuwa zamu, kwa hiyo nikamsomea Neema. Akasema "Okay, Dad," akarudi kwenye simu yake.

Sentensi za mwanzo zilikuwa hivi:

"Shule yetu inaomba kuwa shule maalumu ya lugha. Mwanao ni miongoni mwa wanafunzi waliotajwa. Tafadhali thibitisha lugha ya mtoto ili aweze kuhudumiwa ipasavyo."

Kama umeshaona kosa, hongera. Mimi ilinichukua siku tatu.

Barua ilitoka Jumatatu. Jumanne mchana simu yangu ikaanza kutetemeka kama ina homa.

Voice note ya kwanza ilikuwa ya Baba Brayo, Mkenya anayefanya kazi ofisi ya bima Blacktown: "Bro, si uniambie tu ukweli. Brayo amefanya nini? Huyo kijana ni sharp, hesabu anakunywa kama maji. Special school ya nini sasa? Roho iko mkononi hapa, na niko job!"

Ya pili ya Mama Espérance, Mkongo aliyehamia mtaani kwetu kutoka Lidcombe: "Papa Neema, miye nimesoma ile barua mara tatu. Mutoto yangu anasema muzuri, hana problème ya kinywa. Kwa nini directrice wa shule anataka kumutia mu école ya batoto bagonjwa?"

Nilidhani watu hawajasoma vizuri. Nikawajibu kwenye group: "Ndugu zangu, barua iko wazi kabisa."

Alhamisi Helen akapiga simu. Fomu zilikuwa zimerudi haraka kuliko fomu yoyote aliyowahi kutuma. Karibu zote za kwetu ziliandikwa English only. Mmoja alipiga mstari chini mara mbili. Mwingine aliandika kwa herufi kubwa: ENGLISH. VERY GOOD ENGLISH.

"I'm confused," Helen akasema. "Nilidhani mnazungumza Kiswahili."

Nami nilidhani hivyo.

Jioni ile akanipigia dada Rehema, mtu wa Tanga, muuguzi, ambaye huwa hapotezi maneno.

"Kaka, hivi ulikuwa na akili zako?"

"Nimekosea wapi? Sarufi iko sawa."

"Sarufi! Shule maalumu si zile za watoto wenye ulemavu? Na 'ya lugha' ukaiongeza mwenyewe. Umewaambia watu watoto wao hawawezi kusema, na majina yao yametajwa!"

Nikajitetea, maana ndiyo kazi ya msomi. Nikamwambia kwamba enzi zetu kulikuwa na shule za vipaji maalumu, wanachaguliwa wale wenye vichwa, na mimi kichwani mwangu "shule maalumu" ni sifa. (Sikuchaguliwa, kama mnauliza. Labda ndiyo maana neno lilikaa hivyo.)

"Sasa hivyo vipaji uliviacha wapi? Mbona kwenye barua havimo?"

Nikaifungua barua tena, nikavitafuta.

"Haya niambie," akaendelea. "Nyumbani, ukienda hospitali, daktari wa kawaida akishindwa, anakupeleka kwa nani?"

"Kwa daktari bingwa."

"Huyo kwa Kizungu anaitwaje?"

Wakuu! Specialist. Bingwa. Neno lilikuwapo siku zote, limeandikwa kwenye milango ya hospitali, na mimi na digrii zangu nimelipita nikaenda kuokota jingine.

"Shule bingwa ya lugha," nikasema polepole.

"Ndiyo. Sasa kawaombe watu radhi. Mimi naingia zamu."

Kesho yake nikaenda kwa Helen na barua mpya. Nikamweleza kilichotokea. Alicheka mpaka akaweka kikombe chake cha chai chini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Halafu akaacha kucheka. "Kuna kitu kingine," akasema. "Nimeangalia fomu za zamani pia, za kujiunga na shule. Zilikuwa hivihivi kabla ya barua yako."

Akanigeuzia karatasi moja.

Jina: la Neema. Lugha nyingine nyumbani mbali na Kiingereza: hakuna. Mwandiko: wangu.

Sikuwa hata nakumbuka. Lakini nilijua ilikotoka. Mwaka wetu wa kwanza, tulipokuwa tunaishi Lidcombe, mwenyeji wetu mmoja alituonya: ukiandika lugha nyingine, mtoto anatengwa, anapelekwa darasa la wasiojua Kiingereza, hatoki humo. Hatukuuliza kama ni kweli. Tangu siku hiyo kila fomu iliyouliza lugha, mkono ulijijazia wenyewe.

Mimi, wakuu. Mzee wa "saa si masaa". Nimekikana Kiswahili kwa kalamu ya bluu, nikaweka na sahihi.

Nikamwomba Helen nakala ya ile karatasi.

Jumamosi mchana tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa karibu na stesheni ya Rooty Hill. Wakristo walileta viti, Rehema na Waislamu wenzake wakaleta sambusa, na Baba Brayo akaleta hasira.

Nilianza na kuomba radhi kwa barua. Nikaeleza habari ya bingwa. Watu wakacheka kidogo, lakini hakuna aliyegusa kalamu. Baba Brayo amekunja mikono.

"Hiyo ya bingwa nimeshika," akasema. "Lakini nikiandika Swahili hapo, Brayo watamweka class gani?"

Hapo nikajua kwamba barua yangu haikuwa imeleta hofu mpya. Ilikuwa imeamsha ya zamani.

Nikatoa ile nakala, nikaisoma. Jina la binti yangu, swali, jibu langu.

Wa kwanza kuruka alikuwa Baba Brayo: "Wacha! Yaani Profesa mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ule anatusumbua kwa group juu ya ngeli?"

"Huyohuyo."

Mama Espérance akasimama kabisa. "Eh, Papa Neema! Kila siku unatugombeza batoto yetu banasema Kizungu. Na weye uliandika nini? Weye uliandika 'hakuna'!"

Wakanicheka, wakuu. Kicheko cha watu waliokuwa wakinidai muda mrefu. Nilisimama pale nikapokea chote, maana kilikuwa halali yangu.

Kicheko kilipopungua, Baba Brayo akakunjua mikono. "Sawa. Hata mimi niliandika hivyo, kitambo, kabla ya barua yako," akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Niliogopea kijana."

"Miye pia," Mama Espérance akasema, akakaa.

Nikawaeleza alichoniambia Helen nilipomuuliza: anayehitaji msaada wa Kiingereza anapimwa kwa Kiingereza chake, si kwa lugha ya mama yake. Kuandika Kiswahili hakumhamishi mtoto darasa. Wakaniuliza mara ya pili. Nikarudia. Wakauliza mara ya tatu, safari hii wakimuuliza Rehema, na yeye alipoitikia ndipo wakaamini.

"Nani ako na kalamu?" Baba Brayo akauliza.

Fomu zilimfikia Helen Jumatatu asubuhi. Kiswahili kikabaki kwenye application.

Wiki kadhaa baadaye wakaja wakaguzi, watu watatu wenye heshima zao. Walitaka kuonana na wazazi pamoja na watoto. Nikaingia na Neema, nikamwambia kwa Kiswahili awaeleze tunaongeaje nyumbani.

Akawaeleza. Kwa Kiingereza.

Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akauliza: "Do you always answer him in English?"

Nikaona jitihada zote zinaporomokea pale kwenye kiti cha plastiki.

"Pretty much," Neema akasema. "But I get everything. I got the letter too. I knew it was wrong. Brayo's dad nearly fainted."

Nikasahau niko wapi. "Mbona hukuniambia?"

"You didn't ask me, Dad. You were reading it like the news."

Yule mama akamuuliza nimesema nini. Neema akatafsiri, pande zote mbili, bila kukwama, pamoja na maana ya maalumu na maana ya bingwa. Wote watatu wakawa wanaandika. Mtoto mmoja aliyekuwa akinijibu kwa Kiingereza alithibitisha zaidi ya makala zangu zote.

Jibu lilinikuta nikiwa stesheni nasubiri treni. Helen alisema maneno machache tu kwenye simu: "We got it. All three."

Treni ikaja, milango ikafunguka, milango ikafungwa, ikaondoka. Mimi nimekaa kwenye benchi natabasamu peke yangu kama mtu aliyerudishiwa pasipoti.

Sasa hivi wana mwalimu wa Kiswahili, kijana wa Kikenya anayefundisha pale na kuzitembelea shule mbili za msingi za jirani. Mwalimu wa Kiarabu naye amepelekwa mafunzo. Kwenye darasa la Neema kuna mtoto wa Kivietnamu aliyechagua Kiswahili, na nasikia anazijua ngeli kuliko Brayo. Baba Brayo hapendi kuzungumzia hilo.

Nilichojifunza, wakuu: ukitafsiri kwa ajili ya watu, wasomee watu kwanza, na usubiri wajibu. Na kabla ya kumwambia mwenzio anaua lugha, katafute fomu ulizojaza mwenyewe.

Juzi Helen ameniletea barua nyingine nitafsiri. Nilikuwa nimekaa nayo mezani jikoni, kalamu mkononi, kifua mbele kama zamani. Neema akapita, akasimama nyuma yangu, akanyoosha mkono.

"Baba, lete niisome kwanza."

Kwa Kiswahili. Nikatafuta kosa kwenye hiyo sentensi. Halikuwapo. Nikampa barua.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine amewahi kujaza fomu akaikana lugha yake, au amewahi kutafsiri neno moja likamtoa jasho? Nichekeni tu, nimeshazoea. Na mkiona kosa humu ndani, malalamiko yapelekwe kwa Neema. Uzi huu ameupitia yeye kabla sijaubandika, na akaniambia ni mrefu.