Honi Tatu

Alasiri hiyo Mama alikuwa anachemsha karanga za kuuza. Mimi nilikuwa natwanga mihogo, na wadogo zangu, Riziki wa miaka sita na Furaha aliyekuwa bado ananyonya, walikuwa kwenye mkeka. Tuliishi nyuma ya kituo kidogo cha reli, nje ya Kalemie, upande wa Kongo. Treni yetu haikwenda mbali: asubuhi ilipeleka watu mjini, jioni ikawarudisha. Dereva alituzoea. Akipiga honi moja, anapita. Akipiga tatu, atasimama hadi wachuuzi wauze.

Vita tulivisikia redioni, kwenye vijiji vya watu wengine.

Honi ikalia. Kishindo cha mchi wangu kilimzuia Mama kusikia vizuri, akaniuliza ni ngapi.

“Tatu, Mama.”

“Usinitembeze bure kama juzi.”

“Tatu. Wahi, mama Zawadi atakumalizia wateja.”

Akacheka, akajitwisha beseni, akaenda.

Karanga zilizobaki jikoni zilikuwa hazijaiva risasi zilipoanza.

Nikambeba Furaha. Nikamshika Riziki mkono.

Tukalala kifudifudi katikati ya shamba la mihogo nyuma ya nyumba. Riziki alitaka kumwita Mama.

Nikamziba mdomo.

Baadaye tuliambiwa mabehewa yalijaa watu wenye silaha. Kama dereva aliamrishwa kupiga tatu, au mkono wake ulifuata mazoea tu, hakuna aliyejua. Naye aliuawa palepale. Baba tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Shule yangu iliishia hapo.

Tulivuka ziwa na wakimbizi wengine; sasa, miaka mingi baadaye, tunaishi Temeke, Dar es Salaam, na reli iko jirani tena. Tulipofika, wadogo zangu waliniita Yaya, ambalo kwetu ni jina la dada mkubwa. Majirani wakadhani nimeajiriwa kuwalea, mmoja akaniuliza bosi wangu ananilipa vizuri. Sikumsahihisha.

Riziki hupanda treni ya mjini kwenda kazini. Mimi sijawahi kuipanda. Asubuhi moja, mwezi uliopita, nilimwambia kwa mara ya kwanza kwamba siku ile mimi ndiye niliyemhesabia Mama honi.

Aliendelea kufunga kamba za viatu.

“Yaya, zilikuwa tatu. Hata mie nilisikia.”

Kisha honi ikalia kule relini, akachukua mkoba, akatoka mbio asiachwe.

Miaka yote nilikuwa nikitumaini kwamba nilikosea, ili niwe na cha kuombea msamaha. Nilihesabu sawasawa, na Mama hakurudi.